Nyota Moja Niliyompa Abkul

Amino Olow,
Masalani, nyuma ya soko la mifugo, mlango wa kijani.

Kwa Bwana Bishar Kerrow,
Meneja wa Boti za Tanga za Kutembeza Wageni,
Lamu.

KUH: KUFUKUZWA KAZI KWA ABKUL KWA SABABU YA MANENO YANGU MIMI

Bwana Meneja,

Bishar, una akili wewe? Mtu anakutukania mfanyakazi matusi mazuri kama yale, matusi ya kuchaguliwa moja moja, nawe unakwenda kumfukuza? Nani alikulea?

Assalaam aleikum. Salamu hiyo nimeitoa kwa sababu dini imeniamrisha, si kwa sababu umeistahili.

Ningekuandikia kwa Kisomali, lugha uliyonyonya nayo, lakini mjukuu wangu Kowsar anasema siku hizi unajibu kwa Kiingereza tu. Kiingereza mimi sina. Kiswahili nilikiokota sokoni, kikanyooshwa katika darasa la ngumbaru na Mwalimu Fosia, aliyenifundisha kuandika nikiwa na miaka sitini na mbili. Basi tukutane hapo katikati. Mwalimu Fosia alisema barua ya malalamiko lazima iwe na namba ili mkubwa asiruke kitu. Nimetia namba. Usiruke.

1. Kwanza ujue mimi ni nani, maana ujumbe mliotuma kwa simu ya Kowsar umeniita "Mteja Mpendwa". Mimi si mteja, mimi ni mgeni. Mteja hununua sukari akaenda zake. Mimi nimekula kwenye boti yako, nimelala kwenye hema lako ufukoni, nimesali juu ya mbao zako. Miaka sita nilikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, naiona dunia kama mtu aliyekaa jikoni kuni zikiwa mbichi. Mwezi wa tatu Kowsar, ambaye ni karani wa ofisi ya mifugo Garissa, alinipeleka hospitali. Daktari akatoa ule ukungu, jicho moja, kisha la pili, akasema, "Mama, sasa una macho ya msichana." Kowsar akasema, "Ayeeyo, kwa vile unaona, twende ukaone bahari." Ndipo tukaja kwako, siku mbili kwa boti ya tanga, pamoja na Mzungu mmoja na mkewe, na vijana wawili wa Nairobi waliokuwa wakijipiga picha tangu Mokowe kana kwamba bahari imekuja kuwaona wao.

2. Mlisema katika ujumbe wenu kwamba "tumechunguza malalamiko yako dhidi ya mwongozaji". Hamkuchunguza kitu. Nitachunguza mimi, na makosa ya Abkul nitayataja yote, usije ukasema bibi kizee ameficha.

Kosa lake la kwanza alilifanya gatini, kabla hata sijapanda. Wageni wengine aliwashika mkono akawavuta ndani. Mimi aliponiona nimesimama na fimbo yangu, hakunyoosha mkono. Alivua kitambaa chake cha shingoni, akakitandika begani, akageuka akanipa mgongo, akasema, "Shika bega, ayeeyo. Mimi siangalii." Mwanamume asiye wa nyumba yangu! Nikashika kile kitambaa, nikashuka ndani ya boti kama malkia, na mkono wangu haukumgusa. Nani alimwambia kwamba mimi sishikwi ovyo? Hakuambiwa na mtu. Kijana anayejua mambo bila kuambiwa ni wa kuogopwa.

3. Chai ya boti yako ni maji yaliyosikia habari za majani. Aliyeipika ni yule msaidizi wa Abkul, Abdilatif, mkono mmoja kwenye sufuria, mkono mmoja kwenye kitana. Nilikunywa funda moja nikaitema baharini, na samaki hawakuja. Abkul aliona. Akainama chini ya ubao akatoa kibuyu, na ndani mna maziwa yaliyofukizwa moshi kama tunavyofukiza sisi. "Niliambiwa kuna mgeni wa kutoka Ijara," akasema, akanimiminia kikombe. Mke wa Mzungu akaonja, akasema yameungua. Akanywa vikombe vitatu vya hayo yaliyoungua, mimi nikabaki na viwili. Hilo pia liandike kuwa kosa. Mtu mkarimu namna hiyo anamnyang'anya bibi kizee haki yake.

4. Alasiri iliingia tukiwa katikati ya maji. Bahari haina ukuta, haina mti, haina mtu wa kumwuliza kibla kiko wapi, na boti yako haitulii, mara inatazama huku, mara kule, kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Abkul akaelekeza pua ya boti kaskazini akasema, "Sali, ayeeyo. Haitageuka." Wale vijana wa Nairobi wakaanza kupiga kelele, "Buda, pomboo wako side ile! Tunawakosa!" Abkul akawajibu, "Pomboo watangoja. Mama anaongea na mkubwa wao."

Mimi nilikuwa msafiri, kwa hiyo alasiri yangu ilikuwa rakaa mbili tu. Lakini nilisali polepole, makusudi, nione kama atachoka. Kisha nikaleta dua. Nikawaombea wazazi wangu, nikawaombea ng'ombe, nikawaombea hata hao vijana na simu zao. Hakugeuza. Wageni wako wanne walielekea Makka pamoja nami karibu nusu saa bila kutia nia. Tulipogeuka mashariki, pomboo walikuwa wamekwenda zao. Ulichunguza hilo? Hukuchunguza.

5. Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo lililonitia hofu.

Asubuhi ya siku ya pili tuliingia katikati ya mikoko, maji membamba, miti imesimama kwa mizizi yake kama ng'ombe wanaokunywa. Abdilatif alikuwa akihubiri. Sultani fulani alijenga hapa, sultani fulani akauawa pale. Siku mbili nzima yule mtu hakutaja binadamu aliye hai. Abkul akamwambia anyamaze kidogo. Akavuta tanga mpaka kivuli kikanifikia, maana jua la majini lilikuwa linaniuma, akanivalisha miwani yake myeusi, naye akabaki kutwa nzima amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Kisha akaniuliza polepole, "Ayeeyo, unaona nini?"

Nikamwambia naona ndege, mweupe, juu ya mti.

"Wako wawili," akasema.

Nani alimwuliza? Nilikasirika. Nikatazama. Nikatazama mpaka machozi yakanitoka, na yule wa pili akajitokeza nyuma ya majani, mdogo, amesimama kwa mguu mmoja. Bishar, miaka sita nilikuwa nikiambiwa na watu wenye haraka, "Ndiyo ayeeyo, ni hivyohivyo unavyoona." Huyu alisimamisha boti ya wageni sita mpaka nikamwona ndege wa pili.

6. Hapa niliinuka kumfukuza mbuzi aliyekuwa anakula shuka. Nimerudi.

7. Tuliporudi gatini tukapewa fomu ya maoni, na ndani yake nyota tano tano za kupaka wino. Kowsar akataka kunisaidia, nikamwambia akae mbali, mimi nimesoma. Nikainua uso kumtazama Abkul, alikuwa anafunga kamba. Nikamtazama kwa haya macho mapya. Nikaogopa, kwa sababu nilimpenda yule kijana kama mtu anavyompenda ndama wa kwanza baada ya ukame.

Sasa wewe, mtoto wa Balambala, ambaye baba yako alifuga, unataka nikueleze? Kitu kizuri hakisifiwi. Ndama akinona tunasema ana minyoo. Mtoto akizaliwa mzuri tunasema ana sura ya fisi, na mama yake anashukuru. Kowsar alipofaulu mtihani niliwaambia majirani kwamba amefeli, ila walimu wamemhurumia. Mfanyabiashara mmoja wa Garissa alisimama uani kwangu akasema mtamba wangu hana mfano Ijara nzima, akapanda gari akaondoka bila hata mashallah. Siku ya tatu mtamba akatumbukia kisimani. Na lile lilikuwa jicho kuukuu la mtu mwenye miwani minene! Je, langu, ambalo ni jipya, lenye nguvu ya msichana, halijatumika hata miezi miwili?

Basi nikamkinga. Niliandika hivi: "Abkul ni mbaya. Mchafu. Sura yake kama kwato. Afichwe." Nikampa nyota moja, na hiyo moja niliipaka nusu. Boti nikaandika imeoza. Bahari nikaandika haina maana. Kowsar nikaandika alinisumbua njia nzima. Nilipomaliza niliona nimewavalisha wote hirizi, nikatembea mpaka kwenye gari nikiwa na furaha.

Huyo Abdilatif sikuwa na hofu naye. Jicho gani litamtamani? Aliposhika usukani kidogo, Abkul akila, alitupandisha juu ya fungu la mchanga, tukakaa pale tumeinama upande mmoja mpaka maji yalipojaa, naye akawaambia wageni kwamba hiyo ni sehemu ya ratiba. Huyo nilimpa nyota zake tano bila kusita, nikaandika ana nywele nzuri. Kila mtu wa nyumba yenye ng'ombe angesoma fomu ile akaelewa: mmoja ni wa kuwekwa, mmoja ni wa kuachwa. Wewe umemfukuza wa kuwekwa, na wa kuachwa umemfanya mkuu wa boti. Kwa nywele!

8. Wiki iliyopita nilikwenda kuvuka mto, siku ya soko. Nikasikia mtu anasema, "Taratibu, taratibu," kwa sauti ninayoijua. Nikatazama. Alikuwa Abkul, miguu kwenye tope la Tana, ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mbuzi wanamkanyaga na wenye mbuzi wanamfokea. Mtu aliyekuwa akivusha watu kwa upepo. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba Lamu hakuna boti inayomtaka tena, maana fomu zenu mnazibandika mtandaoni. Kila anakokwenda wanatazama simu zao wanasema, "Wewe ni yule wa nyota moja."

Aliponiona hakununa. Alivua kitambaa, akakitandika begani, akageuka akanipa mgongo.

Tulipofika katikati ya mto akaniuliza, bila kunitazama, "Ayeeyo, nilikukosea wapi? Niambie, nisije nikamfanyia mwingine."

Bishar, mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili, na kila mara nilikuwa na la kusema. Huyu je? Ningemwambia nini? Kwamba hakukosea popote? Mbele ya watu ishirini, katikati ya maji, na haya macho nimemkazia? Ningemzamisha palepale. Nikamwambia, "Kanyaga vizuri, boti inayumba." Akasema, "Sawa, ayeeyo." Akanivusha. Mpaka leo anafikiri kuna mahali alinikosea.

9. Kowsar ananiuliza, "Ayeeyo, si ungeandika sifa zake halafu ukaweka mashallah? Jicho lingekatika, na kazi yake ingebaki." Nimemwambia aende akaangalie chungu. Namba tisa imekwisha.

10. Sasa ninayotaka.

Mrudishe Abkul kwenye boti yake. Hilo halina mazungumzo.

Fomu yako ibadilishe. Nyota toa. Nyota ziliwekwa juu zituonyeshe njia, hazikuwekwa za kumpima mtu aliyeloa maji. Weka maswali ya watu: Ulirudi mzima? Ulipewa nini cha kunywa? Mwongozaji huyu, ungemwachia mama yako? Tena majibu ya watu wa huku yasomwe na mtu wa huku. Mtu wa Ijara akiandika "safari haikuwa na neno", hapo pigeni vigelegele, mmepata sifa ya mwaka. Akiandika "nzuri sana sana", wahini boti mkaitazame, imetoboka mahali.

Abdilatif mpe kazi ya ofisini, karibu na kioo.

Ile safari ya bure mliyoniletea "kwa kuomba radhi kwa usumbufu" nawarudishia. Siwezi kula juu ya mgongo wa mtu kisha niambiwe ni radhi.

11. Na usipofanya hayo, nitakuja Lamu. Sitakuja na wazee, sitakuja na chifu, sitakuja na wakili. Nitakuja na haya macho mawili. Nitakaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwako, nikusifu.

Nitaanza na gari lako, niseme rangi yake inapendeza. Nitasifu ile mashine ya ubaridi ukutani. Nitasifu meno yako, hasa yale ya mbele. Nitatoka nje nizihesabu boti zako kwa kidole, moja, mbili, tatu, kwa sauti, nikifika mwisho nianze tena. Wageni wakija nitawaambia kwamba hii ndiyo kampuni bora pwani yote na haitaanguka kamwe. Mashallah nitaiacha Masalani, ndani ya sanduku, nimeifungia. Watoto wako sitawataja, mimi si mnyama. Lakini mwingine yeyote aliye chini ya paa lako, pamoja na hilo paa, asilalamike.

Nisalimie wote hapo ofisini, yule mama anayefagia gati na yule karani aliyeandika jina langu vizuri. Zisalimie na nywele za Abdilatif. Mama yako, kama bado yuko Balambala, mpigie simu umwambie Amino wa Masalani amesema alizaa mtoto mzuri, mwerevu, anayejua watu. Yeye ataelewa, na atakupigia wewe.

Ni mimi, ambaye bado sijakusifu,

Amino Olow
(kwa mkono wangu mwenyewe)

Tanbihi. Kowsar ameisoma barua hii yote, kisha akaweka kidole juu ya namba tisa. Hakiondoi. Haya. Namba tisa nitaijibu.

Ningeweza kuweka mashallah. Naitamka mara mia kwa siku, ingenishinda vipi siku ile? Nilipomtazama pale gatini niliwaza hivi: wakijua alivyo, watamchukua wenye boti kubwa za watalii, atakwenda Mombasa, atakwenda Zanzibar, na mimi nitakaporudi na rafiki yangu Maryan, ambaye anatolewa mtoto wa jicho mwezi ujao, tutamkuta nani wa kutuambia kwamba wako wawili? Nilitaka abaki hapohapo, mbaya, mchafu, wangu. Hakuna mtu mwingine aliyemtia jicho Abkul. Nilikuwa mimi, na kalamu yangu ndiyo iliyolipeleka.

Maneno yanayofuata nimeyaandika nimefumba macho yote mawili, ndiyo maana yamepanda mlima na moja limepita juu ya jingine. Abkul ni mwongozaji mzuri kuliko wote niliopata kuwafuata, majini na nchi kavu, mashallah. Ningemwachia mama yangu, na mama yangu hakuwa mtu wa kuachiwa mtu.

Nimefumbua. Hilo doa pembeni si chai, ni mate yangu, nimetema ili maneno yasimdhuru. Usilifute. Ile safari ya bure nimeghairi, sirudishi: andika Amino na Maryan, boti ya Abkul, upande wa kivuli. Na kabla ya siku ya soko tuma mtu kivukoni Masalani, amwambie Abkul hakumkosea mtu yeyote na arudi kazini, na asithubutu kumwambia ni nani aliyesema.